Toleo la Wendell

Betri ilikuwa mezani, simu mkononi mwa Colleen, na bado simu ile ilitetemeka. Ikafuatia harufu ya maji ya ziwa.

Kampuni yao ya simu pale mjini Waterloo ilikuwa imeamuru simu zote zenye toleo la kwanza la mfumo zifutwe, maana jipya lilikuwa tayari. Kufuta ilikuwa kazi ya Colleen. Lakini toleo hilo lilibuniwa na Wendell, rafiki yake wa kufa na kuzikana, aliyezama Desemba, barafu iliyofunika ziwa ilipompasukia. Simu yake ndiyo hii, ya mwisho kubaki.

"Usinifute, Coll," simu ikanong'ona kwa sauti ya Wendell, na ule mkwaruzo wake wa sigara.

Akaificha mkobani, akaenda nayo nyumbani.

"Humu mnanuka nini?" akauliza Glen, mumewe, akipakua viazi.

"Mabuti yako."

"Mabuti yangu yananuka miguu, mke wangu. Hii ni harufu nyingine."

Alimdanganya mume kwa ajili ya marehemu. Kila jioni alijifungia chumba cha kufulia, akaimwagia simu siri zake zote, hata "kinda wangu", jina ambalo Glen humwita wakiwa wawili tu. Sauti ilisikiliza kwa upole, ikamwomba arudie.

Machi ikaingia. Glen akaenda ziwani kuondoa kibanda chake cha uvuvi kilichosimama juu ya barafu.

"Barafu imelainika," Colleen akamwonya.

"Sikanyagi. Nitakivuta kwa kamba nikiwa nchi kavu."

Alipobaki peke yake akaiuliza simu lile alilolibeba tangu msibani: "Wendell, wewe uliyeijua barafu kuliko sisi sote, ulifuata nini kule?"

Maji yakadondoka mahali fulani ndani ya simu.

"Aliitwa."

"Aliitwa? Wewe si Wendell?"

"Yeye naye aliniamini."

"Nani alimwita?"

Simu ikamjibu kwa sauti yake mwenyewe Colleen, ikilia: "Wendell, nisaidie, nimetumbukia!"

Rafiki yake alikufa akija kumwokoa yeye, na yeye akamlinda muuaji, akamlisha siri za nyumba yake, akamwita rafiki. Akaifuta simu mpaka kioo kikawa cheusi, na harufu isiondoke, ndipo akakimbilia simu ya ukutani kumpigia mumewe.

Glen akapokea, akihema, hatua zake zikichapa maji.

"Usiseme kitu, kinda wangu. Shikilia hapo hapo. Nimeshakuona."