Harufu ya Nanasi Kitanda cha Saba

Tabia hakula nanasi, lakini pumzi yake ilinuka nanasi lililoiva likapitiliza. Dada yake Mwanapili, muuguzi wa wodi ile, aliinama akanusa tena, wala hakushtuka. Tangu amzike mumewe mwaka wa sitini na nne, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Kilichomwamsha asubuhi ni huyu mdogo wake tu.

Alichemsha mkojo wa Tabia na dawa ya buluu ya kupimia sukari. Ukageuka rangi ya tofali. Sukari imepanda, damu imejaa tindikali, ndiyo maana kifua kinahema kwa nguvu kuitoa. Akamchoma insulini, akamtundikia maji ya chumvi. Kufika alasiri pumzi ikatulia.

Siku ya pili, saa nane mchana, ilirudi. Ya tatu, vilevile. Wagonjwa wakajifunika nyuso kwa kanga, maana ile pumzi ilikuwa ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, ikizunguka mbavuni mwa msichana kama mtu anayetafuta mlango gizani, na harufu ikitambaa kitanda hadi kitanda mpaka mapazia yakanuka.

Mwanapili akapiga magoti. Uvunguni mlikuwa na chano: halua, asali, vipande vya miwa.

"Shangazi, hiki nini?"

"Cha jini," alinong'ona Bi Mwatima, aliyekuwa akikesha kando ya kitanda. "Anataka vitamu. Nshampa siku tatu, na bado hajashiba."

"Unampa kwa kinywa cha nani?"

Bi Mwatima akaitazama midomo ya Tabia, inang'aa asali. Akaanza kulia kimya kimya.

Mwanapili akachoma sindano tena, akatundika chupa nyingine. Jua likikaribia kuzama, Tabia alifumbua macho, pumzi nyepesi, haina harufu.

"Nna kiu, dada."

Mwanapili alijua hapo ndipo mtu hufurahi. Akamnywesha maji.

Ndipo akaisikia: pumzi ile ile, ndefu, nzito, haimo tena kifuani mwa mtu, imo uvunguni, inapanda na kushuka, inasogea taratibu kuelekea kichwani mwa Tabia.

Dawa ya tindikali alifundishwa. Ya hii hakufundishwa. Alikichukua chano, akakisukuma chini ya kitanda cha nane, kilichokuwa kitupu. Pumzi ikahama.

Asubuhi aliletwa binti wa Mkokotoni, mguu umevunjika. Mwanapili alimtandikia kitanda cha nane, akamlaza vizuri.

"Bi muuguzi," binti akauliza, "mna nanasi humu?"

"Hamna," alisema, akaenda kuchemsha sindano.