Boti Lililokataa Kulegea

Pua yangu haina mpinzani. Boti la upepo likitoboka tundu la ncha ya sindano, wenzangu wanahangaika na povu la sabuni; mimi napitisha pua tu, nakuwekea kidole hapa. Ndiyo maana wananiita Fundi Pua. Sijisifu. Ulizia huku mtoni kote, hata wanaonichukia watakubali, ingawa kwa kununa.

Pua hiyohiyo ndiyo iliyoniponza.

Jioni ile nilikuwa nimechoka hoi. Nilibandika viraka mchana kutwa, mgongo umekakamaa, mke wangu ameshapiga simu kuniuliza kama nimehamia karakana anifungashie na godoro. Nikawa natafuta kufuli. Mara nikasikia kitu kinaburuzwa kwenye kokoto.

Kraaas... kraaas...

Alikuwa shemeji, mjane wa rafiki yangu Msumeno. Jina hilo tulimpa kwa mkoromo wake. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka mtoni wale wavuvi wanaotumia chambo cha manyoya kilichosukwa kama mdudu. Mvua zilizopita, mto ulimchukua. Mwili haukuonekana. Boti lilikutwa huko chini limekwama kwenye mawe, limejaa upepo kama lilivyoondoka.

Boti hilo ndilo alilokuwa akiliburuza.

Akanieleza kwa kifupi. Kazi ya mumewe ataifanya yeye, wanawe wanataka kula, na wavuvi wa kwanza wanakuja asubuhi. Ila boti la marehemu ni kubwa, linamshinda. Nimchagulie jingine, kisha nilivike vifaa vya hili la zamani.

Hapo amefika penyewe. Nikamwambia asidanganywe na boti refu. Linabeba watu wengi, lakini kwenye mto wenye kona linageuka kama ng'ombe mlangoni. Achukue fupi, ncha zimeinuka, sakafu ina matundu ya kumwaga maji yenyewe. Na ndani pasiwe na fundo wala ndoano iliyochomoza, maana mshipi wa mvuvi utanasa hapohapo na lawama zitakuwa zake. Tukakubaliana lile la kijani. Nikalipiga pampu, nikaliacha legelege kidogo.

Ikabaki kuhamisha fremu ya Msumeno. Ni mabomba ya chuma yenye kiti cha mpiga makasia katikati, viti vya wavuvi mbele na nyuma, na nanga mkiani. Fremu hiyo hufungwa kwa mikanda boti likiwa limelegea. Ukilijaza, mikanda inabana. Kuitoa, lazima kwanza umwage upepo.

Nikalibonyeza boti la Msumeno. Gumu kama goti.

Nikamuuliza alilijaza lini. Akasema hajaligusa tangu litolewe mtoni.

Nikalibonyeza tena. Hakuna boti la upepo lisilolegea. Baridi ikipiga tu linanywea, na hili lilikuwa limekaa stoo msimu mzima.

Sasa, sisi watu wa mto huu tuna jambo letu. Pampu itajaza boti, lakini upepo wa mwisho hupulizwa kwa mdomo, na yule atakayepiga makasia, ili boti limjue. Msumeno hakuwahi kuliruka hilo, hata siku yake ya mwisho.

Shemeji akatoa mkobani mpira mwembamba, kama ule wa kumwagilia bustani.

"Upepo wake usiufungulie nje," akanong'ona. "Utoke humu, uingie mle. Mimi kuogelea sijui, shemeji. Huo wake unaujua mto."

Nikamwelewa. Kesho anaingia kwenye maji yaliyommeza mumewe, na alichokuwa nacho cha kumlinda ni hicho tu.

Ningeunga ule mpira, basi. Lakini vali, ule mdomo wa kujazia upepo, iko mbele yangu, mimi Fundi Pua, nisiinuse? Nikajiambia nihakikishe tu kama ndani hakujaota ukungu. Nikalegeza kifuniko kidogo. Nikasogeza uso.

Khhhrrrr...

Tumbaku. Matope. Kitunguu kibichi.

Ulikuwa mkoromo. Naujua, umeninyima usingizi kambini miaka na miaka. Nikashtuka, nikavuta pumzi ndefu, ndefu kweli... nayo ikaja yote.

Boti likanywea palepale. Mikanda ikaanguka.

Shemeji alinitazama kifuani, si usoni.

"Umeumeza," akasema taratibu. "Rudisha, shemeji."

Nikapuliza kwenye lile la kijani mpaka nikaona nyota. Nikapuliza tena. Yeye kaweka kiganja juu ya boti, anasikiliza kwa mkono. Nikamuuliza umeingia? Akasema umeingia kidogo. Na uliobaki? Nikamtania kwamba utatafuta njia ya chini wenyewe. Hakucheka.

Tangu siku hiyo sijui kupumzika.

Shemeji ameuweza mto, wavuvi wanamgombania. Lakini siku akiwa majini, mabega yangu yanawaka moto. Viganja vinatoka malengelenge, na mimi kutwa nimeshika brashi ya gundi tu. Akishinda nyumbani, mimi mzima. Daktari anasema ni umri. Mke wangu anasema nakoroma kama mbao zinapasuliwa, kahamia chumba cha watoto. Mimi zamani sikukoroma, muulizeni.

Leo shemeji alitoka na wavuvi wawili. Jua linazama wakarudi kwa miguu, wamelowa. Wanasema aliwashusha kwenye kona wapate kula, kamba ya nanga ikachomoka, boti likaondoka naye. Walimwona mara ya mwisho ameshika makasia, anapigana na maji, halafu kona ikamficha.

Wanaume wote wameshuka na tochi. Mimi wameniacha hapa karakana, kwenye benchi, maana hata mkono siwezi kuuinua. Malengelenge yamepasuka. Mabega yanavutwa mbele, nyuma, mbele, nyuma, kama vile kuna mtu ameyashika.

Mke wangu amekuja na beseni la maji ya moto na kitambaa anikande. Nimemzuia.

"Baba, umechoka," ananiambia polepole. "Pumzika basi."

Sitaki. Sijawahi kuchoka hivi tangu nizaliwe, na sitaki. Maumivu haya yakiwepo, ujue kuna mtu bado anapiga makasia.

Mke wangu ameniinamia, anataka kujua kwa nini nalia.

Bega la kushoto limeanza kupoa.