Kijiti Kimoja cha Wanja

Kila alasiri Wardah alipotoka shuleni alikula upesi, akavaa buibui lake na kwenda madrasa, vichochoro vitatu tu kutoka kwao Magogoni. Wiki ile alikwenda mbio. Maulidi yalikuwa Jumamosi, na kati ya wasichana wanane wa kasida, yeye ndiye aliyechaguliwa kuongoza. Sauti alikuwa nayo, wallahi!

Jumatano aliamka macho hayafunguki. Kope zilikuwa zimegandana kwa tongo. Alipoyaosha na kujitazama kiooni, aliona jicho la kulia limekuwa jekundu. Lilimwasha, likatoka machozi, na ndani alihisi kama mna mchanga.

"Wardah!" mama aliita.

"Abee, mama!"

"Mbona hutoki?"

"Nachana nywele."

Uongo mtupu. Alijua mama akimwona atamzuia nyumbani, na kasida itapata kiongozi mwingine. Basi akajipaka wanja mwingi, akitumaini watu wataona wanja wasione wekundu. Mama alipomuuliza baadaye, alisema ni vumbi.

Alasiri, kabla ya mazoezi, wenzake walimzunguka.

"Masha-Allah, umependeza! Hebu na sisi tupake," alisema Barke, rafiki yake mkubwa.

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yao. Kichupa cha wanja kikitoka mkobani, kijiti kilekile hupita jicho hadi jicho, na anayenyima huitwa mchoyo mwaka mzima. Wardah alisita. Akikataa, ataulizwa sababu. Akakitoa, na Barke akawa wa kwanza kujipaka.

Ijumaa Barke alikuja kope zimevimba, macho yote mawili mekundu. Wengine watatu nao walikuwa wakijifikicha.

"Ni Barke huyu!" mmoja alisema. "Juzijuzi alikwenda Mikindani kwa shangazi yake, akatuletea maradhi. Hata Wardah amemwambukiza!"

"Barke," alisema Mwalimu Mwanasiti, "mbona umekuja ilhali wajua unaumwa?"

Barke aliangua kilio. Wardah angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Lakini kumwona rafiki yake akibebeshwa lawama isiyo yake kulimchoma.

"Si yeye, mwalimu. Ni mimi. Nilianza kuumwa Jumatano, nikaficha. Wanja ulikuwa wangu."

Mwalimu hakugombeza. Aliwachukua wote watano hadi zahanati, ambako muuguzi Kafedha aliwatazama mmoja mmoja.

"Macho mekundu haya," alisema. "Yanaletwa na virusi. Hupita kwa mikono, taulo, mito, na hicho kijiti chenu. Mara nyingi hupona yenyewe kwa wiki moja au mbili. Kaeni nyumbani, osheni mikono kwa sabuni, msiyafikiche. Na msitie chochote: si maziwa ya mama, si chai ya rangi. Mkiona mwanga unawaumiza sana, au hamuoni vizuri, rudini upesi. Wanja huo utupeni."

Njiani Wardah alimwomba Barke radhi.

"Umeniudhi sana," Barke alijibu, akipangusa machozi kwa kitambaa chake mwenyewe. "Lakini umesema kweli mbele ya wote. Nimekusamehe."

Jumamosi wasichana watatu waliobaki walisoma kasida. Sauti zao zilisikika kwenye kipaza sauti hadi chumbani kwa Wardah. Walipoanza ubeti ambao angeuongoza yeye, alilia kwa uchungu.

Mama aliketi mlangoni. "Ulidhani maradhi ni aibu, mwanangu?"

"Niliogopa kukosa kasida, mama."

"Najua. Kuugua si kosa, kila mtu huugua. Kuficha ndiko kulikowaponza wenzako. Ungeniambia Jumatano, leo angelia mtoto mmoja. Sasa wanalia watano."

Wardah alikwenda kunawa mikono kwa sabuni.