Herufi Thelathini na Mbili za Babu

"Sindano, meli inang'oa nanga saa sita mchana. Makontena mia sita, moja lina makombora. Namba yake anayo Babu."

"Babu tumemzika juzi, mkuu."

"Kompyuta yake hatujaizika."

Simu ikakatika.

Ofisini, fundi alikuwa amekalia kiti cha marehemu. Koti la marehemu lilikuwa bado limening'inia mgongoni mwa kiti. Sindano, jasusi aliyewahi kuruka kutoka ghorofa ya tatu na kuomba maji ya kunywa, hakuthubutu kulitazama.

"Nimebadilisha nywila yake, dada. Kompyuta ya Linux hainisumbui mimi!"

Akaingia kwenye kompyuta. Folda ya Babu ilikuwa tupu kama tumbo la mwizi.

Majigambo yakamshuka fundi.

"Faili zimo, ila zimesimbwa; hazionekani bila ufunguo. Ufunguo wake umefungwa kwa nywila ya zamani. Hii yangu inafungua mlango wa mbele tu."

"Basi?"

"Siku ya kwanza mashine humpa mwenyewe ufunguo wa akiba. Herufi na tarakimu thelathini na mbili. Humwambia aandike."

"Babu? Hata orodha ya sabuni alikuwa akiichoma."

Saa tano na robo.

Thelathini na mbili... Sindano akakumbuka.

Kila asubuhi wakijaribu redio, wenzao walihesabu moja, mbili, tatu. Babu alisoma mafungu manane, kila fungu herufi nne. Yale yale, miaka miwili. Walimcheka: mzee anawanga.

"Kichwa changu kinavuja, mjukuu wangu," aliwahi kumjibu. "Nakingia maji kwenu."

"Fundi, redio zetu si zinarekodiwa?"

Fundi akawasha kinasa sauti, sauti ya marehemu ikajaa chumbani.

"Sindano, Sindano, Babu hapa. Nne, A, saba, C..."

Fundi aliandika. Fungu la sita, kikohozi kikameza herufi.

"F," midomo ya Sindano ilikwisha kusema.

Folda ikafunguka.

"Bandari, Sindano hapa. Kontena namba 417, la bluu. Zuia!"

Dakika nne ndefu.

"Tumelipata. Makombora kumi na mawili. Wenye mzigo tumewatia pingu."

Kinasa sauti kilikuwa bado kinazunguka.

"...Umenipata, mjukuu wangu?"

Fundi akaruka kutoka kitini. Sindano akalichukua koti, akalivaa, mikono ikampita vidole. Akatoka bila haraka.

Koridoni akabonyeza redio.

"Nimekupata, Babu."