Mwanya wa Mlango wa Kushoto

Kila siku saa tisa alasiri, akishavua sare ya shule na kubugia chakula chake akiwa amesimama, Nukta aligeuka kuwa macho ya mama yake.

Nukta halikuwa jina lake la kuzaliwa. Mjomba ndiye aliyembandika, kwa sababu alizaliwa mdogo kama ile nukta ya moto ambayo fundi huitumia kushikiza chuma kabla ya kukichomelea kabisa. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, bado mfupi, na kazi yake katika gereji ilikuwa kusoma mistari midogo ya mkanda wa kupimia. Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Fundi, hakuweza tena kuisoma. Miaka mingi alikuwa akiisukuma kofia ya kuchomelea juu ya paji la uso na kusema, "Nukta moja tu, hainidhuru," na nukta hizo, moja baada ya nyingine, zikamla macho. Daktari alimwambia kilichokwenda hakirudi. Aliona nyuso, aliona njia, aliona hata mtoto asiyenawa. Milimita zilikuwa zimemponyoka. Wateja hawakujua. Waliojua walikuwa watatu tu: yeye mwenyewe, Nukta, na Mjomba, ambaye alikuwa mdogo wake na msaidizi wake.

Wiki hiyo gereji ilikuwa na gari la mteja waliyemwita Mpiga Picha. Lilikuwa gari la zamani la milango miwili, rangi ya maziwa, lisilo na paa, alilorithi kwa baba yake. Lakini gari lisilo na paa ni kama boksi lililokatwa kifuniko: ukiliinua pembe moja, lote linajipinda. Kila lilipoingia shimoni milango ilitetemeka na kioo cha mbele kililia. Mpiga Picha alitaka lichomelewe vyuma vinne vya kukaza fremu, viwili ubavuni na viwili vya kupishana chini ya sakafu.

"Jumamosi mdogo wangu anaolewa," alisema. "Baba alimwahidi kumpeleka kwa gari hili. Baba hayupo. Gari lipo. Usiniangushe, Mama Fundi."

"Sijawahi," alijibu Mama.

Kazi hiyo ilikuwa na sheria moja. Chuma cha kukaza kikishachomelewa, gari linaganda katika umbo lililokuwa nalo saa ileile. Likiwa limenyooka, limenyooka. Likiwa limejipinda hata kidogo, umeligandisha na kilema chake. Kwa hiyo kabla ya kila moto, Nukta alipima mwanya kati ya mlango na mwili wa gari, juu na chini, kulia na kushoto. Alitaja namba kwa sauti, na Mama akaziandika sakafuni kwa chaki, kubwa kama viatu, ili naye azione.

Jumatano walisoma mara tano. Mara zote tano, mlango wa kushoto ulikuwa milimita nne juu, nne chini. Mama alikuwa chini ya gari, chali, kofia usoni. Gari lilikaa juu ya stendi nne, na stendi ya nyuma kushoto ilikanyaga kipande cha ubao, kwa sababu saruji ya pale ilikuwa imebomoka.

"Soma tena kushoto!" Mama aliita. "Halafu nafunga kazi."

Getini alisimama rafiki yake Nukta, msichana waliyemwita Kimbunga, anadundadunda mpira. "We Nukta! Timu zimeshapangwa! Au na wewe umegeuka mkanda?"

Nukta alichoka magoti. Mkanda ulining'inia shingoni mwake. Kuuvuta, kuinama, kusoma, kwa ajili ya jibu analolijua! Macho yake yakaangukia chaki sakafuni.

"Nne juu, nne chini!" akasoma sakafu.

"Una hakika, mwanangu?"

"Ndiyo, Mama."

Moto ukawaka chini ya gari, na Nukta akatoka mbio. Hakuuona ubao. Ulikuwa umepasuka, na stendi ilikuwa imezama upana wa kidole gumba.

Alhamisi alasiri walilishusha gari juu ya magurudumu yake. Mjomba alifunga mlango wa kulia. Ukaitika, tap! Akasukuma wa kushoto. Ukagonga chuma na kurudi. Akasukuma tena. Ukarudi tena.

Mama alikuja akapitisha kidole kwenye mwanya. Juu hata ukucha haukupita. Chini kidole kizima kilizama. Alikipitisha mara tatu, polepole, kama mtu anayepapasa paji la mgonjwa.

"Tukwangue kitasa kidogo," Mjomba alinong'ona. "Utafunga tu. Nani atachungulia?"

"Na likiingia shimoni? Mlango utafunguka na bibi harusi atoke nao?"

"Dada, Jumamosi ni keshokutwa."

"Najua siku, sijapofuka akili." Mama alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Namba zilikuwa sawa. Stendi nilizipanga sawa. Basi ni moto wangu umevuta chuma. Zamani nilijua moto unavutia wapi kabla haujavuta. Macho yalipokwenda nilisema, mikono ipo. Sasa na mikono imeniaga."

Nukta alisimama hatua mbili tu kutoka kwake. Aliuvua mkanda shingoni na kuuficha mfukoni.

Jioni ile nyumbani, Mama hakula. Aliweka glavu zake mapajani na kuzikunja, kisha akazikunjua, kisha akazikunja. Alimwambia Mjomba amwite fundi wa madirisha wa mtaa wa pili, aje aichukue mashine ya kuchomelea.

"Utafanya nini bila mashine?" Mjomba aliuliza.

"Nitakaa."

Neno hilo lilimkata Nukta maini. Hakuwahi kumwona mama yake amekaa. Alijilaza akigeukia ukuta na kujiambia kwamba pengine ni kweli moto ndio uliovuta. Alijiambia mara nyingi. Kila mara alijiona mwenyewe, mkanda shingoni, anasoma sakafu. Mama alikuwa anazika mikono yake ilhali mikono haikufa, na mtu pekee aliyejua hivyo alikuwa anajifanya amelala.

Alfajiri alimkuta Mama jikoni, mbele ya chai iliyopoa.

"Mama, sikupima."

"Hukupima nini?"

"Mara ya mwisho. Nilisoma chaki. Kimbunga alikuwa ananiita. Moto wako haukuvuta kitu. Ni mimi."

Mama alikisogeza kikombe pembeni, na Nukta akatamani kupigwa. Hakupigwa.

"Ulisikia jana nikisema mikono imeniaga?"

"Nilisikia."

"Ukalala?"

"Sikulala, Mama. Nisamehe."

"Nenda shule," Mama alisema. Hakumtazama. "Ukirudi, njoo moja kwa moja. Na huo mkanda utembee nao."

Siku ile darasani Nukta hakusikia somo hata moja. Aliporudi alikuta vyuma vimekatwa kwa grinda na stendi ya nyuma imekanyaga bamba la chuma badala ya ule ubao uliopasuka. Mama alikuwa mwekundu wa vumbi la kutu. Nukta alipima. Kisha Mjomba alipima palepale, akitaja namba yake bila kusikia ya Nukta. Mama alisubiri namba mbili zilingane ndipo akashusha kofia. Ilikuwa kazi ndefu. Hakuna aliyetania. Jua lilipotua walilishusha gari, na mlango wa kushoto ukaitika, tap! Mama aliketi chini pale pale, akaegemea gurudumu, akafunika uso kwa glavu.

Jumamosi asubuhi Mpiga Picha alifika amevaa suti. Alifungua mlango, akaufunga, akacheka peke yake kama mtoto.

"Kabla hujaondoka," Mama alisema, "ujue ulichopewa. Vyuma hivi nimevichomelea mara mbili. Mara ya kwanza gari liliganda limejipinda, nikakata. Siwezi kusoma milimita. Macho yangu yaliharibika. Binti yangu hunisomea, na siku ile hakusoma."

Mjomba alishika kichwa. Nukta alitoka nyuma ya gari. "Ni kweli. Nilidanganya namba. Naomba unisamehe."

Kicheko cha Mpiga Picha kilizimika. "Yaani gari la marehemu baba yangu nilimpa fundi asiyeona? Mlango unafunga, ungenyamaza ningejuaje?"

"Ndiyo maana nimesema." Mama alimgeukia Nukta. "Na wewe sikia, leo niko na nguvu ya kulisema. Haya macho niliyaua mwenyewe, kwa uvivu wa kushusha kofia mara moja tu. Wewe nusura uliue gari la watu, kwa uvivu wa kupima mara moja tu. Hiyo mara moja tu ndiyo iliyotufikisha hapa. Mimi siwezi kuirudisha yangu. Yako uliirudisha jana alfajiri, na usingeirudisha ningekaa kwenye kiti hadi nife nikiamini uongo."

"Mtaa mzima utasikia habari hii," Mpiga Picha alisema.

"Watasikia, na wengi hawatarudi. Najua." Sauti ya Mama ilikuwa kavu. "Kukuficha macho yangu lilikuwa kosa. Kwa hilo, samahani."

"Na kuligusa gari langu? Uniombe radhi kwa hilo pia!"

Mama Fundi alinyoosha mkono, akaufungua mlango wa kushoto, akaufunga. Tap.

"Hilo siombi," alisema.