Nyuzi Mia Moja na Arobaini

Jumamosi kabla ya adhuhuri duka la spea la Everlyne mjini Kitale hujaa watu mpaka kwenye ngazi, na kila mmoja huja na kipande cha chuma mkononi: huyu pampu ya trekta, yule beringi ya pikipiki iliyofungwa kwa gazeti. Fridah Nakhungu alikuja na karatasi. Alikuwa ameandika aina ya pikapu ya ofisi, mwaka na namba ya injini, akaegemea kaunta kungoja zamu yake. Alivaa koti jeupe la maabara, na chini ya koti gauni la kitenge cha rangi ya chungwa ambalo hakuna aliyemruhusu kulivaa kazini, wala aliyemkataza. Alifanya kazi katika kampuni ya mbegu. Kila siku alipima joto la mahindi yanayokaushwa, maana mbegu iliyoungua haioti, na huwezi kuitambua kwa macho mpaka mkulima awe ameshaipanda.

Mbele yake mwanamume mrefu, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni, alikuwa amezuia foleni. Alishika maboksi mawili ya pedi za breki, moja kila mkono, akiyapima kama mtu anayechagua papai. Everlyne alikuwa ameshamweleza mara mbili kwamba la kushoto ni la barabarani na la kulia ni la mashindano, na kwamba watu walio nyuma yake nao wana magari.

"Lakini yangu ni ya zote mbili, Mama Job. Siku za wiki iko barabarani, Jumapili moja kwa mwezi iko kwa mashindano."

"Si uchukue ya bei kubwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni ya bei kubwa, bana."

Fridah hakukusudia kuingilia. "Diski zako hufika joto gani?" aliuliza.

Mwanamume akageuka, akamtazama kuanzia koti hadi karatasi. "Zinakuwa moto sana."

"Moto sana si namba."

Foleni ilicheka. Everlyne akaitumia nafasi hiyo kuyanyakua maboksi yake na kumhudumia mwingine.

Fridah alipotoka na pedi za pikapu, alimkuta yule mwanamume kwenye ngazi, akimngoja bila kujificha. Jina lake Noah Kiptum, mtu wa Cheptais, fundi wa mitambo ya kupoza maziwa katika vyama vya wakulima. Gari lake lilisimama ng'ambo ya barabara: jekundu, la milango miwili, umri wa miaka ishirini na tano, limeinama kama paka anayevizia. Alimweleza kwamba kuna klabu ya madereva inayokodi kiwanja cha ndege cha shamba moja la ngano upande wa Endebess. Hupanga mapipa, kisha kila mmoja hukimbia peke yake dhidi ya saa. Mahali pamoja gari hufika kilomita mia na hamsini kwa saa, halafu lazima lipunguze mwendo ghafla kulizunguka pipa jeupe.

Fridah alimuuliza maswali hadi kivuli cha duka kikawahama. Pedi za mashindano hazishiki zikiwa baridi. Asubuhi ya Kitale, yenye umande, angepita kwenye makutano ya kwanza bila kusimama. Pedi za barabarani hushika tangu kanyago la kwanza, lakini joto likipita nyuzi mia tatu na hamsini huteleza kama sabuni. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu, diski hufika joto gani, na cha kulijibu alikuwa nacho mkobani. Akatoa kipimajoto cha kulenga, chenye umbo la bastola.

"Unatembea na bunduki?" Noah aliuliza.

"Ni ya mahindi."

"Mimi kazi yangu ni kupoza maziwa, wewe yako ni kuchoma mahindi."

"Kukausha. Na watu kama sisi hatuwezi kukaa nyumba moja."

Alisema hivyo kabla hajafikiri. Noah, kwa adabu, akaangalia gurudumu.

Walipima miezi mitatu. Kila Jumapili ya klabu Fridah alikuja na daftari, gambuti na kofia ya ukili iliyomfanya Noah amwite Bwana Shamba. Gari likisimama tu, alichuchumaa na kulenga diski kupitia matundu ya rimu. Nyuzi mia na ishirini. Mia na thelathini. Siku za kazi Noah alipiga simu saa ya chakula cha mchana, leo yuko Ndalu, kesho Sirisia, akimsomea joto la maziwa ya kila chama bila kuulizwa.

"Daktari, hapa ni nyuzi nne kamili. Moyo wangu sijapima."

"Moyo ni thelathini na saba. Ukizidi hapo nenda hospitali."

"Ati hakuna dawa ya nyumbani?"

"Kunywa maziwa."

Fridah alipokata simu aligundua kwamba chakula kimepoa. Hakujali, naye kwa kawaida alikuwa mtu wa kujali.

Alichokitaka kwa mwanamume hakuwahi kukisema kwa mtu. Alitaka mmoja tu ambaye neno lake ungeliweka kando ya namba usione pengo. Alianza kuamini kwamba amempata.

Miezi hiyo mitatu ilipokwisha, namba kubwa kuliko zote daftarini ilikuwa mia na arobaini. Fridah akatoa uamuzi: pedi za barabarani, tena zitabaki na nafasi kubwa. Noah alisitasita. Alimwambia kwamba katika mizunguko ya mwisho husikia harufu ya kuungua, na kanyagio huwa gumu lakini gari halitaki kusimama. Fridah akamfungulia daftari. Noah alisoma safu nzima, akanunua pedi za barabarani.

Jumapili ya klabu iliyofuata, katika mzunguko wa nne, gari jekundu lilipita pipa jeupe moja kwa moja, likaruka mtaro na kuingia katika mahindi yaliyofika kiunoni. Fridah alikimbia na gambuti zake. Noah alikuwa ameshatoka, amekaa chini, ameushika mkono wa kushoto kwa wa kulia. Baada ya kuhakikisha anapumua vizuri na anajua siku ya leo, Fridah alielekeza bastola ya joto kwenye diski. Mia na hamsini.

Jioni, kwenye zahanati, kifundo cha mkono wa Noah kikiwa ndani ya plasta, Fridah alimuuliza alikanyaga breki wapi. Noah akasema alikanyaga pale pale pa siku zote.

"Kwa nyuzi mia na hamsini pedi hizo haziwezi kushindwa," Fridah alisema. "Ulichelewa. Kubali tu, hakuna atakayekulaumu."

"Sikuchelewa."

"Namba hazidanganyi, Noah."

"Basi tuko watatu hapa: mimi, wewe na namba. Na mwongo ni mimi." Akachukua jaketi lake kwa mkono mmoja, akatoka.

Wiki ya kwanza Fridah aliingoja simu ya mchana. Ya pili alijizuia kuingoja. Hakupiga yeye, maana aliona kuwa mtu haombi msamaha kwa sababu ya kipimo. Usingizi wake ulikuwa mbaya, na hilo hakuliandika popote.

Wiki ya tatu alikwenda nyumbani kwao, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Mama yake, Phelista, alikuwa na zamu ya kuwapokea akina mama wa kanisa, na mekoni sufuria mbili za maji ya chai zilikuwa juu ya moto: moja mpya, inang'aa kama shilingi, nyingine ya zamani, nyeusi kwa masizi. Phelista alimuuliza habari za yule wa maziwa. Fridah akasema hakuna habari. Kwa kuwa alitaka mikono yake iwe na kazi, alitoa bastola na kulenga sufuria mpya, upande ulio mbali na ndimi za moto.

Nyuzi arobaini na moja.

Maji yalikuwa yanatokota mbele ya macho yake. Akabadilisha betri, akalenga tena. Arobaini. Akalenga ile nyeusi: tisini na tatu. Bungoma, kwa mwinuko wake, maji huchemka kwenye tisini na tano. Sufuria nyeusi ilikuwa inasema kweli.

Alisimama hapo akiwa na udadisi kwanza, na udadisi huo ulikuwa mtamu kwa muda wa sekunde tano hivi. Kisha alichovya kidole kwenye masizi, akapaka doa la ukubwa wa kizibo kwenye ubavu wa sufuria mpya, akalenga doa. Tisini na mbili.

"Nakhungu, unanichafulia sufuria," mama yake alisema. "Hata wageni hawajaiona."

"Mayi, ngoja kidogo."

Aliketi kwenye kigoda, akafungua kijitabu cha maelezo kilichokaa mkobani miaka miwili. Ukurasa wa kumi na moja, ambao hakuwahi kuusoma kwa sababu mahindi hayang'ai, ulieleza kwamba chuma kilichosuguliwa hutoa mionzi michache ya joto, na kifaa hukisoma chini mno. Diski ya breki husuguliwa na pedi kila kanyago; hakuna chuma kinachong'aa kuliko hicho. Alikokotoa kwenye kiganja kwa kalamu. Mia na arobaini ile ingeweza kuwa mia nne na zaidi. Harufu aliyoisema Noah ilikuwa kweli. Kanyagio gumu, kweli. Pipa jeupe, kweli. Mtu pekee aliyesema jambo la uongo katika habari nzima alikuwa yeye, na kwa uongo huo angeweza kuwa amemuua.

Alitoka nyuma ya nyumba, akapiga simu. Iliita mara sita.

"Noah. Nimekosea."

Nyuma ya sauti ya Noah mtambo ulikuwa unanguruma. "Umekosea nini?"

Alimweleza yote kwa mpangilio, sufuria, masizi, ukurasa wa kumi na moja, bila kujitetea mahali popote. "Pedi nilizokuchagulia ndizo zilizoshindwa," alimaliza. "Ulikanyaga pale uliposema."

"Nilikuambia."

"Uliniambia."

"Na kama sufuria zote mbili zingekuwa nyeusi, ungeniamini?" Noah aliuliza.

Fridah angeweza kusema ndiyo, na ndiyo ingekuwa rahisi. "Hapana," alisema. "Hilo ndilo kosa langu la pili, na ni kubwa kuliko la kwanza."

Kisha Noah akasema yuko Sirisia, maziwa ya watu yako karibu kuharibika, na fundi mwenye mkono mmoja hawezi kushika spana mbili. Fridah hakungoja chai.

Mwezi wa saba, plasta ikiwa imetolewa, waliingia dukani kwa Everlyne pamoja na kununua pedi za mashindano, zikae kando ya zile za barabarani. Asubuhi wangekwenda na za barabarani, wazibadilishe kiwanjani, kisha wazirudishe kabla ya safari ya nyumbani. Everlyne aliwauzia pia rangi ya kupaka kwenye ukingo wa diski, mistari miwili: wa kijani hufifia kwenye nyuzi mia nne na thelathini, wa chungwa kwenye mia tano na sitini.

Jumapili ya klabu gari jekundu, sasa lenye boneti nyeusi iliyotoka gari jingine, lilikimbia mizunguko sita na kulizunguka pipa jeupe mara sita. Lilipotulia, Fridah, aliyevaa suruali ya jinzi na blauzi ya manjano, alichuchumaa kando ya mlango. Hakuangalia diski. Alifungua daftari kwenye ukurasa mpya uliokuwa na safu moja zaidi.

"Kabla sijatazama," alisema, "niambie wewe. Kanyagio lilikuwaje?"

Noah alivua kofia ya chuma, nywele zimelala kwa jasho. "Andika. Lilikuwa sawa mpaka mwisho. Harufu kidogo mzunguko wa sita."

Akaandika. Ndipo akainama kutazama: mstari wa kijani umefifia, wa chungwa mzima.

"Andika pia," Noah akasema, "nataka kuja Bungoma na wazee wangu, mwezi wa nane."

Kalamu ilisimama. Fridah alilitafakari jambo hilo kama alivyotafakari kila kitu, na uso wake ukapata joto ambalo hakuna kifaa kilichokuwa karibu kulisoma.

"Wa nane haiwezekani," alisema. "Mwaka huu ni wa tohara kwetu. Vijana watakuwa wanapiga njuga kila boma, na hakuna mzee wa Bungoma atakayekaa chini akusikilize."

"Basi?"

"Wa tisa. Jumamosi ya pili. Wazee wangapi?"

"Wanne."

Akaandika wanne, akapiga mstari chini yake, kisha akampa jeki ya kubadilishia pedi.