Mfenesi wa Bi Mwanne

Je, unajua kwamba zamani mtu aliweza kununua kiwanja, akajenga na kulala humo, na mti uliosimama uani kwake ukabaki kuwa mali ya mtu mwingine? Ndivyo ilivyokuwa Kisarawe, enzi za Mwingereza. Ardhi ilikuwa na mwenyewe, na mti ulikuwa wa yule aliyeupanda. Kwa hiyo siku ya kuuziana kiwanja, muuzaji, mnunuzi na majirani walizunguka mpaka pamoja. Walisimama penye kila mti wakauliza, "Huu wa nani?" Mwenye mti alisema, au alimtuma mtu amsemee. Fatiha ikishasomwa pasipo mtu kutamka neno, mti ulikwenda na kiwanja.

Mtoto mmoja aliyeitwa Sikudhani aliyajua hayo yote. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na kila siku alfajiri alikwenda kisimani na debe lake. Alijaza mtungi wa mama yake, kisha mtungi wa Bi Mwanne, mjane aliyeishi peke yake nyuma ya kiwanja cha Mwishehe. Ndipo aliponawa miguu, akavaa gauni lake na kwenda shule.

Baba yake, Mwinjuma, alikuwa fundi cherehani. Yeye, mkewe Mwanamkuu na Sikudhani walipanga chumba kimoja. Humo humo mlikuwa na kitanda, masufuria, mabaki ya vitambaa na cherehani yenyewe. Sikudhani alilala chini ya meza ya cherehani, na akijinyoosha miguu yake iligonga sufuria. Sasa hata chumba hicho kilikuwa mbioni kuwatoka, maana mwenye nyumba alikuwa amekwisha kuwaambia, "Masika yakianza nakitaka chumba changu. Mwanangu anaoa."

Mwinjuma alitafuta kiwanja mpaka akakipata, kile cha Mwishehe, kando ya barabara ya kupanda bomani. Kila jioni baada ya sala ya alasiri alikwenda huko na kamba na vigingi, Sikudhani akimshikia ncha ya kamba.

"Hapa baraza," alisema Mwinjuma. "Mtu akipita kwenda bomani anaiona cherehani, anakumbuka kwamba suruali yake imechanika. Hapa chumba chetu. Na hapa, chumba chako."

"Changu peke yangu, baba?"

"Sasa ulale chini ya meza mpaka uolewe?"

Pembe ya chumba hicho iliangukia pale pale uliposimama mfenesi mkubwa, uliozaa tangu shinani mpaka juu. "Huu tutaukata," alisema Mwinjuma. "Jirani yetu Mbaraka ana shoka zuri."

Asubuhi moja Sikudhani alipopeleka maji, alimkuta Bi Mwanne mlangoni, kanga mbili zimefungwa kuwa furushi.

"Mwanangu amejifungua kule Gwata na hali yake si nzuri," alisema Bi Mwanne. "Naondoka sasa hivi. Nasikia shemeji yangu Mwishehe anamuuzia baba yako kiwanja. Mfenesi ule niliupanda mimi, marehemu mume wangu akiwa hai. Mwambie baba yako. Na siku ya kuzunguka mpaka, kama sijarudi, unisemee. Umesikia, mjukuu wangu?"

"Nimesikia, bibi."

Kusikia alisikia. Lakini jioni ile alimkuta baba yake akimchekesha mama yake kwa habari za baraza, na mama yake hakuwa amecheka tangu walipoambiwa wahame. Sikudhani akasema moyoni, nitamwambia kesho. Kesho yake baba alikuwa na nguo nyingi za kushona. Siku iliyofuata alionekana amechoka. Kila siku ilikuwa na sababu yake, na kila siku ujumbe ule ulizidi kuwa mzito kinywani.

Siku ya kuuziana ikafika. Bi Mwanne alikuwa hajarudi.

Mzee Kibwana, aliyesimamia mambo ya viwanja mtaani pale, alitangulia na bakora yake. Majirani walifuata, na nyuma yao Sikudhani, amebeba sinia la vikombe vya kahawa.

"Mnazi huu wa nani?" aliuliza Mzee Kibwana.

"Wangu. Unakwenda na kiwanja," alijibu Mwishehe.

"Na mlimau huu?"

"Wangu pia."

Wakafika kwenye mfenesi. "Na huu?"

Mwishehe alitazama upande wa barabara. "Huu nao umo ndani ya kiwanja, mzee. Twende, jua linapanda."

Mzee Kibwana aliwatazama watu. "Hakuna mwenye neno?"

Sikudhani alifungua kinywa. Baba yake alimgeukia, akamwonyesha kwa kidevu mahali chumba chake kitakapokuwa, akatabasamu. Sikudhani aliinamia vikombe. Watu wakaendelea mbele.

Mkeka ulitandikwa na wazee wakakaa. Mbaraka hakukaa nao. Alikuwa amechuchumaa chini ya mfenesi akinoa shoka, na sauti ya chuma juu ya jiwe haikumtoka Sikudhani masikioni. Moyoni alimwona Bi Mwanne akirudi kutoka Gwata, amechoka, akikuta kisiki. Mzee Kibwana aliinua mikono, na wote wakainua yao.

Sikudhani aliliweka sinia chini. Vikombe viligongana. "Babu, naomba msisome kwanza."

Mikono ikabaki hewani.

"Mwinjuma," alisema Mwishehe, "siku hizi kikao cha wazee kinaongozwa na watoto? Huyu hata maziwa hayajamkauka mdomoni."

Watu wawili watatu walicheka. Mwinjuma aliona haya. "Sikudhani, rudi nyumbani."

"Mwache aseme, baba Sikudhani," alisema Mwanamkuu, aliyekuwa amekaa pembeni na wanawake wenzake. "Hajawahi kuingilia maneno ya wakubwa. Kama leo ameingilia, ana jambo."

"Mfenesi ni wa Bi Mwanne," alisema Sikudhani. "Aliupanda mwenyewe. Alinituma niseme, nami sikusema."

"Maneno ya mtu aliyeko Gwata," alisema Mwishehe. "Kesho atatuma mtoto mwingine aje kudai na boma."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mzee Kibwana alishusha mikono, akafikiri. Kwa desturi ya watu wale, mti ukizaa kwa mara ya kwanza, aliyeupanda ndiye aliyegawa limbuko kwa majirani. Mtu mwingine hakuthubutu.

"Nawaulizeni," alisema. "Limbuko la mfenesi huu mlilipokea mkononi mwa nani?"

Sauti ya shoka ikakoma kule chini ya mti.

"Mimi aliniletea Bi Mwanne," alisema Mbaraka. "Kwenye ungo. Hata mafuta ya kupaka mikononi aliniletea, nisigandwe na utomvu."

"Nami nilikula," alisema Mzee Kibwana taratibu. "Nilikula nikasahau, na hiyo ni aibu yangu. Wewe, Mwishehe, hukula?"

Mwishehe aliivua kofia yake, akaipukuta, akaivaa tena. "Nilikula."

"Ulipewa na nani?"

"Na shemeji."

Mbaraka aliliweka shoka begani, akatoka chini ya mti. Lakini Mwishehe alikuwa amekasirika. Alisimama, akamwambia Mwinjuma, "Haya, kichukue kiwanja bila mfenesi, au ukiache. Yuko mtu wa Mkuza anakitaka leo hii."

Sasa macho yote yalikuwa kwa Mwinjuma. Sikudhani alimwona baba yake akiutazama mti, kisha barabara, kisha mawingu yaliyoanza kukusanyika upande wa Pugu. Nyumba aliyoipima kila jioni haikuweza kuingia pale tena. Alichukua kamba yake, akang'oa kigingi kimoja baada ya kingine, na hakuna aliyejua kama anaondoka au anabaki. Ndipo alipoanza kupima upya, kuanzia upande wa pili.

"Baraza litatazama ubavuni," alisema mwishowe. "Atakayetaka kushonewa atazunguka. Nakichukua, na mfenesi ni wa Bi Mwanne. Mzee, tusome."

Fatiha ikasomwa. Watu walipotawanyika, Mwinjuma alimwita binti yake kando.

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Niliogopa tutaikosa nyumba, baba."

"Nyumba tungeikosa, tungetafuta nyingine. Lakini leo ilibaki kidogo nikate mti wa mjane, na wewe ukijua." Hakupandisha sauti, na hilo lilimwuma Sikudhani zaidi. "Mtu akikupa ujumbe, amekukabidhi mali yake. Ufikishe siku hiyo hiyo, hata kama utakukosesha kitu unachokipenda. Ulikawia, na kukawia kule ni kosa. Lakini mwisho ulisema mbele ya watu wazima, ukijua chumba chako kinapungua. Hilo nimeliona."

Chumba kilipungua kweli. Kilitosha kitanda cha kamba na kisanduku tu, basi.

Bi Mwanne alirudi kabla ya masika, bintiye akiwa amepona. Alikuta kuta za nyumba zimekandikwa udongo, bado mbichi, na mfenesi wake umesimama kati ya nyumba hiyo na yake. Mwinjuma alimweleza yote pasipo kuficha, na Sikudhani akamwomba radhi.

"Bi Mwanne," alisema Mwinjuma, "mti ni wako, utapita utakavyo kuja kutungua. Kama liko jambo jingine unalolitaka, niambie sasa, nisije nikakukosea tena."

Bi Mwanne alizunguka ukuta, akiupapasa kwa kiganja, mpaka akafika kwenye uwazi mdogo ulioelekea uani kwake.

"Hapa ni nini?"

"Mlango wa jiko, bibi," alisema Sikudhani. "Mwanzoni ulikuwa uwe kule, lakini nyumba iligeuka."

Mama mtu, Mwanamkuu, alichungulia kutoka ndani, mikono imejaa udongo. "Karibu, shoga. Jiko bado, lakini kigoda kipo."

Bi Mwanne alikaa juu ya kigoda, akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Tangu nilipokuona unapima na kamba, Mwinjuma, nilitaka kukwambia, nikaona haya," alisema. "Miaka yote hii napepeta mchele wangu peke yangu. Nilikuwa nataka mlango wa jiko la mtu utazame kwangu."